Mwembe wa uani: jinsi ya kuupogoa, na siku ikibidi, jinsi ya kuuangusha

Kila mwaka Februari ikianza kuchoka, simu yangu haipumziki. Kaskazi imelegea, joto la Dar limekaa shingoni, na watu wanatazama juu wanakumbuka kwamba masika yanakuja na tawi la mwembe limelala juu ya bati la chumba cha watoto. Mazungumzo huwa yaleyale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huu mti ukate kichwa chote, uwe mfupi, nilale kwa amani."

"Mama, nikiukata kichwa utalala kwa amani miaka miwili. Wa tatu utaniita tena, na bei itakuwa imepanda."

Nusu ya kazi yangu ni hayo mabishano. Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba anayetaka kujua analipia nini, na kwa kijana aliyekodi chenso, msumeno wa mashine, wiki iliyopita akaanza kujiita fundi miti. Mfano wangu ni mwembe kwa kuwa ndio mti wa uani wa pwani yetu, ila mengi yanafaa kwa mwarobaini, mkungu, mjohoro na mparachichi. Mnazi una habari zake, nitaugusa njiani.

Hatua ya 1: Uzunguke mti mikono mitupu

Chenso ibaki kwenye gari. Anza na miguu ya mti. Mti wenye afya hutanuka pale unapoingia ardhini, kama mguu wa tembo. Ukiuona umenyooka kama nguzo mpaka chini, jua kuna mtu alijaza kifusi au kumwaga zege hadi shinani, na mizizi inakosa hewa. Kifusi kiondolewe, hata kama hutakata jani lolote siku hiyo.

Kama mti umeinama, nenda upande wa pili, ule ulioupa kisogo. Udongo ukiwa umepasuka au kuinuka hapo, mizizi inang'oka. Huo si mti wa kupogoa tena. Ruka mpaka hatua ya mwisho. Tazama pia uyoga mgumu uliojibandika chini ya shina kama sahani iliyokatwa nusu. Ukiuona huo, mbao ya ndani inaliwa na kuvu, na majani ya juu yanaweza kuwa mabichi kabisa huku chini kuna uwazi. Gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia magotini hadi kifuani, ukizunguka. Mbao nzima hutoa sauti fupi, nzito. Pakilia kama ngoma, weka alama ya chaki.

Njia za udongo za mchwa juu ya gome huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Mara nyingi mchwa wanakula ganda kavu la nje na vijiti vilivyokwisha kufa. Bandua kidogo kwa kisu: chini kukiwa na ubichi, mti uko salama, futa udongo uendelee. Chini kukiwa pakavu na pa kahawia, fuatilia mpaka ujue ubovu umefika wapi.

Kisha inua macho. Panda yenye umbo la U ina nguvu. Panda nyembamba, yenye umbo la V, mara nyingi imebana gome katikati yake, na gome halishikani na gome. Ndiyo hupasuka usiku wa upepo, gari likiwa chini yake. Tafuta kirukia, ule mmea unaokaa juu ya mti mwingine ukiunyonya, maana ni rahisi kuudhania sehemu ya mwembe mpaka uone majani hayafanani. Kuukwanyua hakusaidii, utachipua tena. Kata tawi lililobeba, chini ya pale ulipojishikiza.

Na nyuki. Simama dakika 5 ukitazama kila tundu. Nyuki wetu hawapendi kelele wala mtikisiko, na chenso ina vyote viwili. Wakiwepo, kazi imeahirishwa. Atafutwe mfugaji nyuki aje giza likiingia awahamishe. Mimi nilishawahi kuwapuuza kwenye mkungu mmoja, nikashuka mita 8 kwa namna ambayo mpaka leo siikumbuki vizuri, na viganja viliungua kwa kamba wiki nzima.

Jambo la mwisho la kutazama ni waya. Kama tawi, ngazi, kamba au mkono wako unaweza kufika ndani ya mita 3 kutoka kwenye waya wa umeme, hiyo kazi si yako. Piga simu TANESCO, waje wakate wao au wazime laini. Mbao mbichi imejaa maji, na maji hupitisha umeme; wala si lazima uguse waya wenyewe. Mteja atakwambia fundi wa mwaka jana alikata tu bila shida. Mwache akamtafute huyo fundi.

Hatua ya 2: Maneno kabla ya msumeno

Mti ukiwa umevuka ukuta, zungumza na jirani kabla, hata kama sheria iko upande wako. Ofisi ya serikali ya mtaa ijue siku na saa. Kama ni kuangusha, uliza halmashauri au Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kuhusu kibali, hasa kwa miti ya asili kama mvule, mninga na mpingo, ambayo ina ulinzi wake kisheria. Kusafirisha magogo barabarani bila karatasi kumewaponza watu waliodhani wanabeba kuni tu.

Kisha andikeni, hata kwenye ujumbe wa simu: matawi yapi, takataka anazoa nani, na kuni ni za nani. Hilo la kuni usilidharau. Nimeona kazi nzuri ikiishia kwa ugomvi kwa sababu mama lishe wa mtaa alishaahidiwa magogo na mwenye nyumba, na vibarua nao walishayauza.

Hatua ya 3: Amua kipi kitoke

Mwembe upogolewe mara baada ya mavuno. Pwani msimu mkubwa huisha kama Februari, kwa hiyo una dirisha dogo kabla ya mvua: vidonda hukauka, kuvu hazijapata unyevu, na machipukizi mapya yanapata muda wa kukomaa kabla ya maua ya katikati ya mwaka. Ukikata Julai umekata maembe.

Toa kwanza yaliyokufa, yaliyovunjika na yenye kirukia. Halafu yanayosuguana, ubakize moja kati ya mawili. Halafu yale yaliyogeuka yakarudi ndani ya mti kuelekea shina. Hapo shuka, rudi nyuma hatua 20, utazame. Mara nyingi kazi imekwisha na mteja hajaamini.

Tawi refu linalotishia bati lisikatwe katikati likaachwa kama mkono usio na kiganja. Lifuate kutoka ncha kurudi nyuma mpaka ukutane na tawi la pembeni lenye unene usiopungua thuluthi ya hilo unalolikata, ukate hapo. Tawi la pembeni litachukua uongozi, litavuta chakula, na kidonda kitafunikwa. Uzito umepungua pale unapovuta zaidi, kwenye ncha, na mti bado una sura ya mti.

Kiasi: usizidi robo ya majani yote kwa msimu mmoja. Kwa mti mzee punguza zaidi. Majani ndiyo jiko.

Sasa hilo la kukata kichwa, nilieleze vizuri kwa kuwa ndilo linaloharibu miti mingi ya mitaani kuliko ugonjwa wowote niliowahi kuuona. Mwembe ukiondolewa kichwa hutoa machipukizi kwa fujo, kumi mahali pamoja, kwa kuwa una njaa. Tawi la kawaida limekua pamoja na shina mwaka hadi mwaka, mbao zao zimefumana. Chipukizi la dharura limeanzia chini ya gome tu na limeshikilia kwa juujuu. Linarefuka haraka kuliko tawi la zamani, linanenepa, na chini yake kisiki kinaoza kwa sababu kidonda kilikuwa kipana mno kufunikwa. Baada ya miaka michache una urefu uleule, uzito uleule, isipokuwa safari hii umesimama juu ya mbao iliyooza. Mvinje ndio mbaya zaidi: ukiukata kwenye mbao kuukuu, mara nyingi hauchipui kabisa. Na mnazi una jicho moja tu la kuotea, liko kileleni. Ukilikata umeuua, basi.

Kwa mche, samaki mkunje angali mbichi. Mwembe wa miaka mitatu unapogolewa kwa mkasi wa mkononi ukiwa umesimama chini: chagua matawi matatu au manne yaliyotawanyika pande zote na kupishana kwa urefu, mengine yatoe yakiwa bado membamba kama kidole. Nusu saa hiyo ingeniondolea mimi kazi ya siku mbili miaka 20 baadaye, lakini hakuna anayeniita kwa mche.

Hatua ya 4: Mikato mitatu

Tazama pale tawi linapotoka kwenye shina. Utaona uvimbe unaolizunguka, wenye mikunjo chini, kama kola ya shati. Kola hiyo ni sehemu ya shina, na ndiyo itakayotengeneza mbao ya kufunika kidonda. Ukiikata kwa kupiga msumeno sambamba na shina ili "pawe pasafi", umeondoa chombo cha tiba. Ukiacha kisiki kirefu, kitakufa na kuozea humo, na kola haitaweza kukipita.

Tawi lenye unene unaozidi kifundo cha mkono halikatwi mara moja. Mkato wa kwanza unatoka chini kwenda juu, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, mpaka robo ya unene. Ukizidisha, msumeno utabanwa. Wa pili unatoka juu, sentimita chache nje ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Bila ule wa kwanza tawi lingeanguka likichuna gome mpaka chini ya shina, kama ngozi ya mbuzi. Mkato wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya kola, ukifuata mlalo wake.

Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa chenso, kwa urefu, ili aone vidonda vimefanya nini ndani. Alichoonyesha kimebadili kazi yetu: mti hauponi kama mtu. Sisi tunapata nyama mpya mahali pa ile iliyoharibika. Mbao iliyojeruhiwa inabaki palepale maisha yote. Mti huijengea kuta kwa ndani ili ubovu usisambae, kisha huifunika kwa mbao mpya kwa nje. Ndiyo maana mkato mdogo mahali sahihi ni bora kuliko dawa yoyote.

Na dawa zenyewe: rangi ya mafuta, lami, oili chafu, kinyesi cha ng'ombe. Usipake. Kuvu hazizuiliwi na rangi, na unyevu unanaswa chini yake. Chokaa ni habari nyingine, nayo haipakwi kwenye kidonda bali kwenye gome: mparachichi uliopunguzwa majani ghafla hubabuka kwa jua, kwa hiyo matawi yaliyobaki wazi hupakwa chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji.

Mnazi hauna ngozi ya kuzalisha mbao mpya kabisa. Zile ngazi zinazochongwa kwa panga kwenye shina ili mkwezi apande hazitafunikwa hata mnazi ukiishi miaka 60. Kila moja ni kikombe cha maji ya mvua. Mkwezi wa kweli anapanda kwa kitanzi cha kamba miguuni na hachongi kitu. Kwangu mimi huyo ndiye fundi miti wa kwanza wa pwani hii, na vijana wenye chenso wangeenda kukaa naye wiki moja.

Hatua ya 5: Kupanda

Kama unaweza kufanya kazi kutoka chini kwa msumeno wenye mpini mrefu, fanya hivyo. Ukilazimika kupanda, mkanda wa kiunoni wa fundi umeme hautoshi. Tafuta haness yenye mikanda ya mapajani na kamba iliyotengenezwa kwa ajili ya kubeba mtu, milimita 11 hadi 13. Kamba ya katani au ile ya nailoni ya dukani ni ya mbuzi. Kofia ngumu, miwani, viziba masikio, buti. Viatu vya misumari ya kupandia ni kwa mti unaokwenda kuangushwa tu. Kwenye mti unaobaki, kila hatua ni kidonda.

Ukitaka kukata, jifunge sehemu mbili: kamba kuu ya juu, na mkanda mwingine unaozunguka shina. Msumeno hukata kamba haraka kuliko mbao, na sehemu moja ikikatika unabaki na ya pili. Chenso isitumike kwa mkono mmoja, isivuke mabega, na isitumike juu ya ngazi ya kuegemeza. Mti ukipoteza tawi hupiga kurudi juu, na ngazi inabaki hewani. Ujihadhari na kona ya juu ya ncha ya bao la chenso, ule ubao wa chuma unaozungukwa na mnyororo: ikigusa mbao, mashine inaruka nyuma kuelekea usoni kabla hujafikiri. Juu ya mti, msumeno mzuri wa mkono unatosha kwa kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Chini awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu. Si kuokota, si kuchati. Anazuia watoto na kukujibu unapoita.

Ngozi pia. Utomvu wa mwembe unaunguza na kuacha madoa meusi yanayowasha siku kadhaa. Vaa mikono mirefu, nawa kwa sabuni mapema. Ukuta ukiwa na mnyaa, usiukate bila miwani hata tawi moja. Maziwa yake yakiingia jichoni, suuza kwa maji mengi bila kusimama ukielekea hospitali.

Hatua ya 6: Ukilazimika kuuangusha

Uani mara nyingi hakuna pa kuangushia mti mzima, kwa hiyo unashushwa kipande kwa kipande kwa kamba iliyozungushwa kwenye shina chini ili msuguano ubebe mzigo. Usikadirie uzito kwa macho. Kipande cha mbao mbichi chenye unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 2 kinapita kilo 100. Kikate kiwe vipande vitatu, hakuna anayekukimbiza.

Ukiwa na uwanja, pima urefu kwanza. Shika kijiti kilicholingana na urefu wa mkono wako, kisimamishe wima mkono ukiwa umenyooka, rudi nyuma mpaka kijiti kifunike mti kuanzia chini hadi kilele. Umbali wako na shina ndio urefu wa mti. (Mkukusu mmoja wa mabonde ya Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2016, ulipimwa mita 81.5, kwa huo ungerudi mpaka kwa jirani wa nne.) Watu wote wakae mbali mara mbili ya urefu huo. Safisha njia mbili za kukimbilia, za mshazari kwenda nyuma, kushoto na kulia. Wengi huumia wakiwa wamesimama kuutazama mti ukianguka.

Chonga mdomo upande unaotaka mti uende: mkato wa juu wa kushuka, kisha wa chini wa kulala, vikutane bila kupishana, kina kati ya robo na thuluthi ya unene. Halafu mkato wa nyuma, sentimita 3 hadi 5 juu ya kona ya mdomo. Usikate mpaka mwisho. Acha katikati ubao wenye upana sawa, kama moja ya kumi ya unene wa shina. Huo ndio bawaba, na kama bawaba ya mlango, ndio unaoamua mti ugeukie wapi. Ukiukata, mti unachagua wenyewe. Gonga kabari ya plastiki au mbao nyuma, usitumie ya chuma karibu na mnyororo. Ukisikia mlio wa kwanza wa nyuzi, toa chenso na uondoke kwa njia uliyosafisha, macho yakiwa juu.

Mti wenye uwazi ndani au ulioinama sana haufuati sheria hizi. Muite mtu mwenye miaka mingi kazini.

Hatua ya 7: Mashine na mwanafunzi

Mchanganyiko wa petroli na oili ya tustroku kwa mashine nyingi za sasa ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita. Soma kitabu cha mashine yako, usiulize kijiweni. Kwenye tangi la mnyororo weka oili ya mnyororo, maana oili chafu ya gari ina vumbi la chuma linalokula bao na pampu. Mnyororo mkali hutoa vipande. Ukitoa unga, simama unoe.

Anayetaka kuifanya iwe kazi yake, aanze chini kama mshika kamba, mwaka mzima, kabla ya kugusa chenso. Shule zipo: Chuo cha Misitu Olmotonyi kule Arusha, chuo cha viwanda vya misitu Moshi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro. Mengi utakayofundishwa huko ni ya misitu na mashamba ya miti, lakini kuijua mbao inavyokua ni nusu ya safari, na cheti hufungua milango ya mahoteli na taasisi ambazo hazimwiti mtu aliyesimama barabarani na panga.

Masika yakiisha, mwezi wa sita hivi, rudi kwa yule mama. Kola za mikato zitakuwa zimeanza kuvimba kama mdomo unaojikunja. Machipukizi yatakuwa yamejitokeza hapa na pale. Yakiwa bado laini, yaondoe kwa vidole, ubakize machache yanayoelekea nje. Kazi hiyo mimi silipishi, ila huwa naondoka na chai na ahadi ya dodo za Desemba.